Barua kwa dada yangu wa Mwaloni

Dada, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa, na majirani wakisoma wasome.

Pale soko la samaki la Mwaloni umewaambia wenzako mdogo wako ni daktari. Wakikuuliza wa nini, unawajibu, "Wa maneno." Sijawahi kukasirika. Dagaa uliowaanika Kirumba ndio walionisomesha falsafa ya fadhila, ile inayouliza mtu mwema angefanyaje, wakaniingiza kwenye maadili ya tiba. Siku ya mahafali ulikuja na kanga inayonuka dagaa, nikakuketisha mbele. Hilo nalo ulikumbuke.

Lakini asubuhi ile wodini! Ulikuwa unapooza uji, unaumimina kikombe hadi kikombe. Ulishatuonya mlangoni: mama asiambiwe. Mama akanitazama mimi, akauliza, "Nitarudi Ukerewe kabla ya mvua?" Nikamwambia yote. Saratani ilikofika, na kwamba dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Mama akageukia ukutani. Ukatua kikombe taratibu, ukasema, "Hapo ulikuwa unafundisha."

Ningemdanganya ungeniitaje? Tangu Beauchamp na Childress watoe kitabu chao cha maadili ya tiba mwaka 1979, uhuru wa mgonjwa kujiamulia ni somo la mwanzo kabisa kwetu. Mama alikuwa na akili zake timamu. Alikuwa na shamba la kugawa na deni la kikoba. Na aliuliza mwenyewe! Wewe uliyetaka kumficha, ulikuwa unamlinda yeye au unajilinda? Mwenye mzazi mgonjwa nisikilize: mtu mzima usimfanye mtoto.

Kinachoninyima usingizi ni Rosalind Hursthouse, mwanafalsafa wa fadhila. Makala yake ya mwaka 1991 inahusu utoaji mimba, ila mimi huifundisha kwa hoja moja iliyomo: mtu anaweza kutumia haki yake kabisa, na bado akawa katili, au mbinafsi. Kujua nani ana haki hakumalizi swali. Kila mwaka naitungia mtihani. Mwanafunzi akiniandikia "haki ni haki" akanyamaza, namkata maksi.

Nilisimama, dada. Mama ananiuliza habari ya kufa kwake, mimi nimesimama na funguo za gari mkononi, kama mpita njia aliyeulizwa saa. Kiti kilikuwa kimoja, na wewe ndiye uliyekikalia. Ulipoona nimeshafungua mdomo, ungeinuka tu ukanipa. Ningekaa.