Msizisugue sarafu za fedha kabla ya kuzithaminisha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linaloniuma kila ninaposoma habari za watu waliokuta sarafu kuukuu za fedha sandukuni. Habari hizo hutaja mwaka ulioandikwa kwenye sarafu, kisha bei nono, na picha inaonyesha sarafu inayometa kama kijiko kilichotoka kuoshwa. Mwaka peke yake hauuzi sarafu. Kinachouza ni ngozi yake ya juu, na ngozi hiyohiyo ndiyo watu wanayoikwangua kwa dawa ya meno, magadi au majivu na limau kabla hata ya kuuliza wameshika nini.

Mwaka unapoteza wengi. Thala ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki mtawala huyo wa Austria. Baada ya kifo chake iliendelea kupigwa na mwaka uleule, Vienna na katika viwanda vya nchi nyingine, ikiwemo London, Paris na Roma, hadi ndani ya karne ya 20. Kwa hiyo 1780 haimwambii mnunuzi kitu. Anayejua hutazama lulu za bruchi, pambo la kubania nguo, iliyo begani na mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai upande wa pili, maana chapa za viwanda, yaani mihuri ya chuma inayogonga sarafu, hazikufanana.

Thamani ya chini kabisa ni ya madini, na hiyo ni hesabu tu. Dola ya Marekani ya aina ya Morgan, iliyopigwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921, ina uzito wa gramu 26.73, na sehemu 900 kati ya 1,000 ni fedha. Zidisha, unapata gramu 24.06 za fedha tupu. Gawa kwa 31.1035, ambazo ndizo gramu za aunsi moja ya madini ya thamani, unapata aunsi 0.773. Wengi hugawa kwa 28.35, aunsi ya bidhaa za kawaida, na hesabu yao inapanda kwa karibu asilimia 10 bila sarafu kuongezeka hata chembe. Kiasi cha fedha ndani ya sarafu nacho hakikisiwi kwa macho: fedha ya sarafu za Uingereza ilikuwa 925 kwa 1,000 hadi 1919, ikashushwa hadi 500 mwaka 1920, na kuanzia 1947 sarafu za mzunguko za nchi hiyo hazina fedha kabisa.

Kama unashuku ni bandia, weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba inayotokea ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Morgan halisi husoma karibu 2.59, na 26.73 ukigawa kwa 2.59 ni 10.32, msongamano wa fedha ya 900 iliyochanganywa na shaba. Ya bandia ya shaba na nikeli, yenye uzito uleule, husoma karibu 3.00. Viputo vya hewa vikiganda kwenye sarafu vinaongeza ujazo, na sarafu nzuri inaonekana feki. Tone moja la sabuni ya maji huviondoa. Mizani ya gramu 0.1 haifai, maana 2.6 yake inaweza kuwa 2.55 au 2.64, na hapo huwezi kutenganisha madini ambayo misongamano yake inakaribiana. Ukimaliza, suuza sarafu kwa maji safi na uigandamize kwa kitambaa laini, usiifute. Sumaku inakamata bandia ya chuma. Shaba inaipita salama.

Sasa daraja, yaani kiwango cha hali ya sarafu, ambako pesa nyingi hupatikana au hupotea. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha 1 hadi 70, alichokitunga William Sheldon mwaka 1949 kwa senti kubwa za shaba za Marekani, kikaja kuenea kwa sarafu nyingine. Kuanzia 60 kwenda juu sarafu haijaingia kwenye mzunguko. 50 hadi 58 imeguswa kidogo kwenye miinuko. 40 na 45 imelika kidogo, lakini nywele na manyoya bado yanasomeka. Ikifika 4 limebaki umbo la nje na maandishi.

Kuisoma kunahitaji subira. Shika sarafu kwa ukingo, kwa kidole gumba na cha shahada, chini yake pakiwa na kitambaa laini. Zima taa za dari, bakiza taa moja ya mezani. Iinamishe, kisha izungushe polepole. Ung'avu wa asili hutembea: mishale ya mwanga huzunguka uso kama spoku za gurudumu la baiskeli. Chanzo chake ni vifereji vidogo mno ambavyo fedha ilijichimbia ilipokimbilia pembeni chapa ilipoigonga. Sasa, kwenye Morgan, tazama nywele za sura ya mwanamke zilizo juu ya sikio, kisha kifua cha tai upande wa pili. Mwanga ukikatika hapo na pakaonekana kijivu butu, pamelika. Lakini pakiwa bapa huku mwanga ukipita juu yake bila kukatika, chapa iligonga kwa nguvu ndogo. Dola nyingi za kiwanda cha New Orleans, zenye herufi O, ziko hivyo. Ni kosa kubwa kuyachanganya haya mawili, maana la kwanza linaitoa sarafu kwenye kundi la 60 na la pili haliitoi. Baada ya hapo hesabu majeraha, ukianzia shavuni. Dola hizi zilisafirishwa kwa mifuko ya sarafu 1,000, zikigongana njia nzima. Jeraha moja la kina katikati ya shavu linashusha daraja kuliko matatu yaliyojificha ndani ya nywele.

Ukishaviona vifereji hivyo utaelewa kwa nini kusugua ni kuua. Weusi wa fedha haukukaa juu yake kama vumbi; ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiutoa, unaondoka na tabaka la fedha. Kitambaa na unga huacha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, na mwanga badala ya kuzunguka unasimama tuli. Tindikali ya kusafishia haikwaruzi, lakini inakula kingo za vifereji, na sarafu iliyochovywa mara kadhaa inakuwa nyeupe iliyokufa. Kampuni kubwa za kukadiria, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, sarafu iliyosafishwa vibaya haziipi namba. Huiandikia kwa maneno tu hali yake na kasoro yake.

Tena rangi hiyo inaweza kuongeza bei. Ya asili hupangika kwa zamu, njano, wekundu, zambarau, halafu buluu, mara nyingi ikianzia ukingoni. Rangi inayoruka hatua, au iliyojaa ndani ya mikwaruzo mipya, imepikwa.

Kuna uchafu mmoja unaopaswa kuondolewa: utelezi wa kijani unaoachwa na mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambao huila fedha taratibu. Chovya sarafu kwenye asetoni safi, ndani ya chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kisha iache ikauke yenyewe. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu huongezewa mafuta na manukato.

Kuhusu uhaba, idadi iliyopigwa isichukuliwe kuwa idadi iliyobaki. Sheria ya Marekani ya 1918 ilisababisha dola zaidi ya milioni 270 kuyeyushwa. Morgan ya 1893 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, ilipigwa 100,000 tu, ndiyo maana wahalifu hubandika S kwenye dola za mwaka huo zisizo na herufi. Angalia chini ya shada, upande wa tai, kwa lenzi ya kukuza mara 10, utafute mstari wa solda kwenye mguu wa herufi. Na bei ichukuliwe kwenye mauzo ya mnada yaliyokwisha, ya mwaka, herufi na daraja zilezile. Bei anayoiomba muuzaji mtandaoni ni matumaini yake.

Ombi langu kwa dawati la habari: mkipokea tena habari ya sarafu, chapisheni uzito wake hadi sehemu ya mia ya gramu, kipenyo, na picha za pande zote mbili na ukingo chini ya taa moja. Na mwandishi amuulize mwenye sarafu, kabla ya swali la bei, kama imeshasuguliwa.

Mkusanyaji wa sarafu