Baba, hatumdungi mtu ugonjwa

Baba, shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Mimi huku sijambo, kazi tu.

Baada ya salamu, nirudi kwenye swali lako la kwenye simu: je, mtu akidungwa DNA ya kifua kikuu (TB), kama kwenye chanjo tunayoitafiti, hatakiugua? Hataugua, Baba. Bakteria wa TB ana jeni zipatazo 4,000. Sisi tunachukua chache tu, tunazipachika kwenye duara dogo la DNA liitwalo plasmidi, kisha tunadunga kwenye msuli. Seli za msuli zinazisoma na kutengeneza protini za bakteria, kinga ya mwili inajifunza kuzitambua. Bakteria mwenyewe hayumo, kwa hiyo hakuna cha kuambukiza.

Chanjo ya TB iitwayo BCG tunayo tangu 1921, na inawakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya TB ya ubongo. Lakini TB ya mapafu ya watu wazima, hiyo inayosambaa kwa kikohozi, haiizuii kwa uhakika. Mwaka 2023 pekee TB iliua watu wapatao milioni 1.25. Mimi siwezi kuizoea hesabu hiyo.

Chanjo za DNA zilianza kwa matumaini makubwa. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba zimewakinga panya, na 1999 kwamba zimewatibu panya waliokwisha kuambukizwa. Wengine waliporudia hayo ya kutibu, hawakuona nafuu hiyo. Isitoshe, dozi inayoamsha kinga ya panya humwacha binadamu vilevile, kwa sababu DNA nyingi haiingii ndani ya seli. Ndiyo maana siku hizi tunapitisha mpigo mfupi wa umeme pale pale tulipodunga, ili utando wa seli ufunguke kidogo. Kwa sasa tunawajaribu panya, na panya anakuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mguu unashtuka mara moja, basi.

Wiki kadhaa baadaye tunapima seli za wengu wake kwenye kisahani. Seli ya kinga inayoikumbuka protini inaacha doa dogo la buluu. Natamani ungeyaona madoa hayo, Baba, yanapendeza! Ila wingi wake si hakikisho. Chanjo moja iliyotumia kirusi kubeba jeni ya Ag85A, protini mojawapo ya bakteria wa TB, iliamsha seli hizo kwa watoto wa Afrika Kusini, na matokeo ya 2013 yakaonyesha haikuwakinga. Kwa hiyo hatuitegemei Ag85A peke yake. Tunaongeza protini anazotoa bakteria akiwa amejificha mwilini bila kumwuguza mtu, maana wengi wanaishi naye hivyo kwa miaka.

Kwamba DNA inaweza kuwa chanjo ya binadamu, India ilishaonyesha 2021 ilipoidhinisha moja ya UVIKO-19. Ya TB bado ina safari ndefu, kwa hiyo mdogo wangu asiisubiri: mtoto apelekwe kliniki apate BCG yake. Akishachanjwa, nipigieni.

Mwanao akupendaye.