Shangazi, huyo bakteria hauzwi kwenye chupa

Shangazi, shikamoo.

Juzi ulinitumia picha ya chupa ya vidonge vya "bakteria wazuri", ukauliza kama vitakutuliza tumbo. Nilikujibu kwa mkato. Nakujibu sasa kwa kirefu, tena hadharani, maana wanaoniuliza hivyo ni wengi.

Nimesoma majina yote nyuma ya chupa. Niliyekuwa namtafuta hayumo: bakteria aitwaye Faecalibacterium prausnitzii. Hadi 2002 alihesabiwa kwenye ukoo wa Fusobacterium, wakaja kugundua wala hawana undugu. Tumwite Prausi, tusigombane na Kilatini.

Katika utumbo mpana wa mtu mzima mwenye afya, Prausi mara nyingi ni asilimia 5 au zaidi ya bakteria wote. Kazi yake ni kuchachusha. Nyuzinyuzi za chakula zilizoushinda utumbo mwembamba hushuka hadi kwake, kusikokuwa na hewa. Bakteria wengine huzikatakata na kuacha asetati, kitu cha jamii ya siki. Yeye huiokota taka hiyo ya jirani, akaigeuza butireti, aina ya mafuta madogo sana ambayo mwili hutumia kama kuni.

Hapo ndipo penye utamu. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata nguvu zake nyingi kutoka kwenye butireti, inakadiriwa hadi asilimia 70. Zinapoiunguza hutumia oksijeni iliyo karibu, kwa hiyo ndani hubaki hakuna hewa, na Prausi anaendelea kuishi. Mpangaji analipa kodi, mwenye nyumba anamzibia dirisha. Butireti hiyo hiyo huipoza kinga ya mwili isiwake ovyo.

Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walieleza kuwa wagonjwa wa Crohn (ugonjwa sugu wa kuvimba utumbo) waliofanyiwa upasuaji wakiwa na Prausi wachache, ndio ambao ugonjwa ulielekea zaidi kuwarudia. Sisemi uchache wake ndio ulioleta ugonjwa. Huenda utumbo uliovimba ndio unaomfukuza.

Sasa kwa nini hayumo kwenye chupa? Hewa humuua. Ukimwacha wazi kwenye sahani ya maabara, dakika chache tu amekwisha. Wanaomkuza humweka ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, nao huingiza mikono kwenye glavu zilizobanwa ukutani mwa sanduku, kama mtu anayemwogesha mtoto njiti. Kiumbe wa namna hiyo utamtiaje kwenye kidonge cha kukaa kabatini?

Kwa hiyo pesa yako iweke. Mlishe aliyemo tayari: jamii ya kunde, nafaka isiyokobolewa, mboga, matunda, na maji ya kutosha. Anza na kidogo, uongeze wiki hadi wiki. Ukikurupuka, gesi itakuumbua mbele za watu.

Ila ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, hayo si ya Prausi wala ya kunde. Nipigie siku hiyo hiyo, twende kwa daktari pamoja.