Barua kutoka Leeds: pole, hongera na simu ya saa nane usiku

Leeds, Uingereza

Shikamoo Baba, shikamoo Mama, shikamoo Mama Mkubwa. Kaka na wifi, habari za hapo, na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi tu, na giza linaloingia saa kumi kasoro robo.

Mama Mkubwa aliuliza: huko mnakaa vipi, mtu akifiwa nani anakwenda kumpa pole, akijifungua nani anampikia, na kila mtu yuko kazini? Kwa simu hatukumaliza. Tunaandika tukiwa na nafasi, na mtaona kwamba nusu ya jibu iko mikononi mwenu.

Tuanze na saa, maana ndizo zinazovuruga mengi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku hurudishwa nyuma, tofauti yetu inakuwa saa tatu. Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogezwa mbele, inabaki saa mbili. Sasa Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kukamua, anamkumbuka mwanawe, anapiga. Desemba hiyo, huku ni saa nane usiku. Mtu wa ughaibuni akipigiwa saa nane usiku hafikirii salamu, anafikiria msiba. Hata akiambiwa "nilitaka kukusikia tu", usingizi ndiyo umekwisha, na zamu ya kulea wazee inaanza saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku, simu ikiwa imefungiwa kabatini. Ndiyo sababu ujumbe wa asubuhi unajibiwa usiku. Si kiburi.

Dawa yake ni ujumbe wa sauti, ila nao una utaratibu. Anza na hali: "Wote wazima, nataka tuongee habari ya ada." Hapo msikilizaji anatulia na kusikiliza. Msianze na kuguna "eeh mwanangu, dunia hii..." halafu dakika nne nzima kabla ya kufika kwenye bomba lililopasuka. Na tafadhali, msibip mkanyamaza. Bip isiyo na maandishi humtesa mtu siku nzima kuliko habari mbaya yenyewe.

Sasa habari mbaya. Taarifa ya kifo isipelekwe kwa mfiwa moja kwa moja. Kila mmoja wetu huku ana mtu wake wa kupigiwa, jirani au rafiki anayefika mlangoni kwake ndani ya nusu saa. Kaka, andika majina hayo na namba zake kwenye karatasi, ibandike kabatini, usiziache kwenye simu peke yake, kwa sababu simu hupotea wiki ileile ya msiba. Mkimpigia, mwambieni mambo matatu tu: nani amefariki, lini, na mazishi yanategemewa lini. Yeye ataangalia ratiba ya zamu ya mfiwa, atamngoja atoke, atamchukua mtu wa pili waende pamoja. Wakifika wanakaa naye, wanamwambia kwa neno lenyewe: amefariki. Desturi yetu ya kusema "mgonjwa amezidiwa, jitahidi uje" hapo nyumbani ina huruma yake, kwa kuwa nyumba iko jirani na mtu atafika atajionea. Huku mtu atanunua tiketi usiku uleule kwa bei ya juu kabisa akidhani anamuwahi mgonjwa, na atalia njiani peke yake kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya tatu. Kwa ndugu zetu Waislamu wanaozika siku hiyohiyo kungoja zamu iishe hakuwezekani. Mtu wa kupigiwa huenda hadi kazini, anamwomba msimamizi chumba cha faragha.

Linaloharibu utaratibu huu ni status. Binamu anaweka picha ya marehemu na mshumaa kabla mtoto wa marehemu hajaambiwa. Basi iwe sheria ya ukoo: hakuna status, hakuna kubadilisha picha ya wasifu, hakuna "pumzika kwa amani" kwenye kundi mpaka mtu wa kupigiwa aandike "ameshaambiwa".

Ruhusa ya kazi nayo ni somo. Sheria ya huku inampa mfanyakazi muda wa kushughulikia dharura ya mtu anayemtegemea, yaani mume au mke, mtoto, mzazi, au anayeishi naye nyumba moja, na si lazima alipwe. Siku za msiba zenye malipo mara nyingi zinategemea sera ya mwajiri. Mama Mkubwa, kwetu wewe ni mama, hakuna mjadala, lakini kwa Kiingereza unageuka shangazi, na shangazi mara nyingi hana siku. Tunachofundishana ni kuandika ukweli wote: "huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne." Msimamizi mwenye utu huelewa maneno hayo kuliko jina la undugu. Zikikataliwa, mtu anakata siku zake za likizo ya mwaka.

Asiyeweza kusafiri, msiba huwekwa hapahapa. Lakini nyumba za huku zimeungana ukuta kwa ukuta, na kelele baada ya saa tano usiku humleta jirani mlangoni, pengine na mtu wa halmashauri. Kwa hiyo watu kumi na tano hukaa nyumbani kwa mfiwa kwa zamu, na siku moja, mara nyingi Jumamosi, hukodiwa ukumbi wa kanisa au wa mtaa kwa saa nne. Saa moja kati ya hizo huishia kwenye kupanga viti na kufagia, kwa hiyo anayekodi saa tatu hufukuzwa katikati ya sala. Pilau lipikwe ukumbini au kwa mtu mwenye jiko lenye dirisha kubwa. Vitunguu vikikaangwa kwenye ghorofa dogo, king'ora cha moshi hulia, na kwenye majengo mengine wapangaji wote hutolewa nje. Wali uliobaki usilale juu ya jiko: utandazwe kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, kwa sababu vijidudu vya wali huacha sumu isiyokufa hata ukipashwa moto upya.

Mazishi ya hapo tukiyatazama kwa simu, tusaidieni hivi. Simu ilazwe kwa ubavu, iwe na chaji kamili na betri ya akiba. Bando lisipungue GB 3. Iwekwe kwenye hali ya kutosumbuliwa, maana simu ikiingia matangazo hukatika, na siku ya msiba simu huingia kila dakika. Anayeshika asimame karibu na msemaji, si karibu na spika. Kwenye spika sauti hukwaruza mpaka maneno hayasikiki. Na asigeuze kamera kwenye nyuso za wanaolia. Mfiwa aliye mbali anataka kuona kaburi, jeneza na nani amekuja, basi.

Mtu akifia huku ni kazi nyingine, na hapa ndipo chama chetu cha kufa na kuzikana kinapoonekana. Kwanza daktari na mkaguzi wa vifo (medical examiner) hutoa cheti cha sababu ya kifo, kisha ndugu ana siku 5 za kusajili. Nakala ya hati ya kifo ni pauni 12.50 kila moja. Chukueni sita siku hiyohiyo, maana benki, ubalozi, shirika la ndege na mwajiri kila mmoja hutaka ya kwake. Kuutoa mwili nje ya Uingereza lazima afisa anayechunguza vifo wa eneo (coroner) ajulishwe kwa fomu, na kwa kawaida zipite siku nne kamili ndipo uondoke. Kama kifo kilikuwa cha ghafla au cha ajali, uchunguzi unaweza kula wiki. Baada ya hapo mwili hutiwa dawa, huwekwa kwenye jeneza lililotandikwa zinki na kufungwa kabisa, hupatikana cheti kwamba hauna maradhi ya kuambukiza, na karatasi za ubalozi wetu London. Pasipoti ya marehemu itafutwe siku ya kwanza. Bila hiyo kila kitu husimama.

Kosa linalotokea upande wenu ni kutangaza tarehe. Watu wanakodi maturubai Alhamisi, wapishi wanalipwa, na mwili uko Leeds ukingoja karatasi. Msitaje siku ya mazishi mpaka tuwatumie namba ya mzigo ya shirika la ndege. Gharama ni maelfu ya pauni, ndiyo maana wanachama hulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kuchangisha baada ya kifo humlazimisha mfiwa kuhesabu rambirambi badala ya kulia. Akaunti ina waweka saini wawili, na orodha ya waliotoa hubandikwa kwenye kundi kila jioni. Majina tu. Kiasi kisiandikwe, kwa sababu aliyetoa pauni tano akiona mwenzake katoa mia hatarudi kuja kukaa na mfiwa, na kukaa ndiyo haba zaidi huku kuliko fedha.

Tugeukie heri. Mzazi wa huku, kama mambo yamekwenda sawa, hutoka hospitali siku ileile au kesho yake. Mkunga humfuata nyumbani siku za mwanzo. Baba ana likizo ya wiki moja au mbili tu kisheria, na bibi hayupo. Kosa letu la zamani lilikuwa wote kujaa wiki ya kwanza na hotpoti saba za supu zinazomwagwa. Wiki ya tatu baba amerudi kazini, mama hajalala, na hakuna anayegonga. Siku hizi dada mmoja hushika kalenda, na chakula kizito huanza siku ya kumi na nne mpaka arobaini. Anayekuja anauliza kwanza, hakai zaidi ya nusu saa, na anaosha vyombo vilivyomo kwenye sinki kabla ya kuomba kumpakata mtoto. Mwenye mafua aache chakula mlangoni.

Mtori wetu wa kupeleka ni huu, Mama utusahihishe. Mbavu za ng'ombe zenye mifupa, kilo moja na nusu, zinachemka saa mbili kwa moto mdogo. Ndizi mbichi 20, zile ngumu za kijani tupu. Kwenye maduka ya Harehills, mtaa wa hapa Leeds, ndizi iliyoanza manjano kwenye ncha huonekana nzuri, lakini mtori wake huwa na utamu wa ajabu. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu usigande, na kila ndizi iangukie kwenye maji isije ikawa nyeusi. Toa mifupa, tia ndizi na vitunguu viwili, nusu saa, ponda kwa mwiko, malizia na siagi vijiko viwili. Unatoka kama lita nne. Tunagawa kwenye vyombo vya nusu lita, tunaacha nafasi ya kidole juu kwa sababu ukiganda hupanda na kupasua mfuniko, tunaandika tarehe, unaingia friza. Ukiyeyuka hutengana, maji juu na mashapo chini. Haujaharibika: upashe polepole na mchuzi kidogo huku ukikoroga. Chombo kidogo kina sababu, kikishapashwa mara moja hakirudi tena kwenye friza.

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni waliokuja juzijuzi peke yao. Kuanzia Machi 11, 2024 walioomba viza ya kulea wazee hawakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto, na tangu Julai 22, 2025 viza hiyo imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Mtu wa namna hiyo akiugua hakuna wa kumfungulia mlango. Kwa hiyo tunasisitiza ufunguo wa pili uwe kwa mwenzake, na jina la mwenzake liandikwe kwa daktari kama mtu wa kujulishwa, maana wauguzi wa huku hawamwambii mtu yeyote tu habari za mgonjwa hata ukilia. Ushauri wa usiku ni 111, dharura ni 999. Na kila Jumapili jioni mtu huandika kwenye kundi neno moja, "nipo". Asiyeandika hupigiwa; asipopokea, mwenye ufunguo huenda.

Harusi tuseme kwa ufupi. Msituingize kwenye kundi la watu mia mbili bila kutuuliza. Tuma ujumbe mmoja wenye tarehe, mwisho wa mchango, namba, na jina litakalotokea kwenye namba hiyo. Jina lisipofanana na lililosajiliwa, fedha hukwama, na ninyi mnadhani tumewapiga chenga.

Kilichobaki ni hiki. Simu za kwenu zimekuwa za mambo mawili, kuna mgonjwa au kuna mchango, na za kwetu zimekuwa za picha za theluji. Tuambieni na yale yasiyo na maana: nani amejenga choo kipya, kahawa imechanua au bado, mvua ya vuli ilinyesha siku ngapi. Sisi tutawaambia basi limechelewa na mkate umeungua.

Yule ng'ombe mwekundu alikuwa karibu kuzaa tulipoongea mara ya mwisho. Amezaa dume au jike?

Ni sisi wanenu.