Si "Sir Ferguson", ni Sir Alex

Mhariri,

Naomba dawati lenu la michezo lirekebishe kosa ambalo limeachwa likazoeleka. Kila akitajwa kocha wa zamani wa Manchester United, mnaandika "Sir Ferguson". Kwa desturi ya Waingereza, Sir hushikana na jina la kwanza: Sir Alex Ferguson, kwa kifupi Sir Alex. Mo Farah naye, aliyepewa heshima hiyo mwaka 2017, ni Sir Mo. Mwanamke huitwa Dame kwa kanuni hiyohiyo, ndiyo maana mkimbiaji Kelly Holmes ni Dame Kelly. Anayeitwa kwa jina la ukoo ni mke wa Sir, naye hupewa Lady. Marehemu mkewe Sir Alex alikuwa Lady Ferguson.

Lord ni kinyume chake. Sebastian Coe, rais wa Shirikisho la Riadha Duniani, alipewa ubaroni, daraja la chini kabisa la malodi, mwaka 2000, na tangu hapo ni Lord Coe. Nyinyi mnaandika "Lord Sebastian Coe", na hapo mnamfanya mtoto wa Duke, yaani lodi wa daraja la juu kabisa. Lord Randolph Churchill, baba yake Winston, aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mtoto wa tatu wa Duke wa Marlborough, ilhali mwenyewe alikuwa mbunge wa kuchaguliwa.

Picha nazo zinahitaji jicho. Mliwahi kuchapa picha ya ufunguzi wa Bunge la Uingereza, chini yake mkaandika "majaji". Wale waliovaa majoho mekundu ya sufu yenye kola ya manyoya meupe ni malodi, wajumbe wa baraza la juu la Bunge hilo. Tazameni upande wa kulia wa joho: mistari ya manyoya hayo, iliyotiwa utepe wa dhahabu, hutaja daraja la mvaaji. Baroni ana miwili, Earl mitatu, Duke minne. Wanawake wenye cheo hicho huvaa vilevile.

Jaji Mkuu wetu, Mufti na Askofu hamuwakosei vyeo hata siku moja, na ni vizuri. Mgeni naye anastahili uangalifu huohuo, maana wanafunzi wanajifunza kuandika kutoka kwenu.

Jambo la mwisho: Bill Gates alipewa heshima ya Uingereza mwaka 2005, lakini yeye ni raia wa Marekani, hivyo hatumii Sir. Andikeni Bill Gates tu.

Msomaji wenu,
Tanga