Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali: naomba tarehe moja tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu. Natumaini u mzima na shingo yako haina neno. Yangu inalo: ina uvimbe.

Jumanne iliyopita nilikuwa mlangoni mwa chumba chako cha upasuaji tangu saa mbili asubuhi, juu ya kitanda cha magurudumu, tumbo tupu tangu jana yake. Muuguzi alikuwa ameshanichora alama ya kalamu shingoni, upande wa kushoto. Saa saba mchana akarudi: "Mama, vaa nguo zako. Damu hakuna."

Hiyo ni mara ya nne. Mara ya kwanza umeme, ya pili mpasuaji alikuwa safarini, ya tatu kitanda cha wagonjwa mahututi kilikuwa na mtu. Sasa damu. Sijui mara ya tano mtakosa nini, labda mlango.

Wiki moja kabla nilileta vijana sita wa bodaboda wa steji yetu ya Bombo wakatoa damu. Wakapewa soda, wakarudi kazini. Najua damu ikishatolewa ni ya wote, na kama ilimwokoa mzazi aliyekuwa akivuja, ni halali yake. Wodini wananong'ona mengine. Mimi sina ushahidi, basi nanyamaza.

Mheshimiwa, huu uvimbe si jipu. Mwanzo waliniambia ni TB ya tezi. Nikameza vidonge miezi sita, mkojo mwekundu kama juisi ya rosela, uvimbe palepale. Kisha kliniki moja wakataka kuuchoma sindano wachukue nyama ya kupima. Daktari mmoja kijana, Mungu amweke, aliushika kwanza kwa vidole viwili. Ukasogea kushoto na kulia, lakini juu na chini ukagoma, na ulikuwa unadunda. Akaiweka sindano chini. Aliniambia umeota penye njia panda ya mshipa mkubwa wa damu, pale unapogawanyika, tawi moja kwenda usoni na jingine kwenye ubongo, na kwamba umejaa damu tele. Ukichomwa ovyo, unamwaga.

Kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya mwili, nikakilipia nje, laki sita, kwa sababu mashine yenu ilikuwa "inatengenezwa". Matibabu kwenye hospitali za serikali hapa Uganda ni bure tangu 2001, nakumbuka.

Mpasuaji wako alinieleza vizuri, simlaumu. Uvimbe wa aina hii una madaraja matatu, aliyoyapanga daktari Shamblin wa Marekani mwaka 1971. La kwanza uvimbe unabanduka kirahisi. La pili umeukumbatia mshipa kiasi. La tatu umeuzingira, na hapo huenda mshipa ukatwe na kuungwa upya, na hatari ya kiharusi inapanda. Neva za ulimi, sauti na kumeza zinapita hapohapo. Mimi nilikuwa la pili. Akasema aina hii hukua polepole na mara nyingi si saratani, lakini tusikae sana. Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Sasa sauti imekwaruza. Mimi nasuka kawa za Kinubi, vile vifuniko vya chakula, na kuziuza kwa kuita wateja. Wiki hizi binti yangu ndiye anayeita, na shule amekosa. Chai ikipita vibaya nakohoa mpaka machozi. Niko daraja gani leo? Picha ni ileile ya zamani.

Siku ya Wanawake mwaka jana ulisimama chini ya hema ukatuambia hakuna mama atakayerudishwa nyumbani mara mbili. Tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga, sauti bado nilikuwa nayo. Umetimiza, Mheshimiwa: hukunirudisha mara mbili.

Siombi gari wala pole. Naomba tarehe. Iandikwe kwenye karatasi, ipigwe muhuri, na siku hiyo damu iwe kwenye friji, kitanda cha mahututi kiwe wazi, na huyo mpasuaji awepo, maana wenzake wa kazi hiyo nchini ni wachache. Tarehe moja tu.

Ile alama ya kalamu bado naizunguka nikioga. Vijana wa steji hawaruhusiwi kutoa damu tena mpaka miezi mitatu ipite, kwa hiyo nimeanza kutafuta sita wengine. Nimeshapata wanne.

Wako, mpaka sasa mtiifu,
Msuka kawa, Bombo