Barua kwa Mwende kabla hajakata tiketi

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mwende,

Nimepokea barua yako pamoja na ile picha ya mkataba, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Habari za nyumbani tutapeana tukionana. Leo nataka tuzungumzie hiyo kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule binafsi ya lugha huko Bangkok, kwa kuwa unasema wakala anataka jibu kabla mwezi haujaisha, na mimi ndiye mtu pekee unayemjua aliyewahi kuifanya.

Nianze pale kalamu iliposimama. Wakala amekuandikia kwamba utasafiri kwa viza ya utalii na kwamba makaratasi mengine yatashughulikiwa ukishafika. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka wa 2018. Nilifika, nikapokewa vizuri, nikatia sahihi mkataba ulioandikwa mwaka wa 2561, maana Wathai huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha iliyoitangulia yetu kwa miaka 543, nikacheka peke yangu kwamba nimeajiriwa nikiwa nimeshakufa zamani. Kicheko hicho hakikudumu. Kwa miezi minne nilifundisha bila kibali cha kazi. Siku moja, katikati ya somo, karani aliingia darasani, akanishika mkono bila kusema neno, akanipeleka stoo, nikakaa juu ya rundo la viti vya plastiki karibu saa nzima huku nikiwasikia wakaguzi wakizungumza upande wa pili wa ukuta, na wanafunzi wangu wakiendelea kuimba ule wimbo wa siku za wiki niliokuwa nimewaanzishia. Mimi, mwalimu mwenye shahada, nimefichwa kama gunia la sukari ya magendo! Ningekamatwa, sheria yao inamtoza mfanyakazi faini ya kati ya baht 5,000 na 50,000, kisha anarudishwa kwao.

Hatimaye shule ilinipandisha basi la usiku hadi Nong Khai, nikavuka daraja la Mto Mekong kuingia Laos, nikaomba viza ya kazi katika ubalozi wa Thailand mjini Vientiane, na gharama yote, nauli na malazi, ikakatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba safari hiyo haikuwa na haja. Thailand ina ubalozi hapa hapa Nairobi, na viza hiyo, inayoitwa Non-B, huombwa kabla ya kusafiri, mradi mwajiri atoe barua na makaratasi yake. Mwajiri asiyetaka kuyatoa makaratasi hayo ana sababu yake.

Tena kufichwa stoo ni jambo dogo. Unajua kwamba tangu mwaka wa 2022 serikali yetu imekuwa ikiwaonya Wakenya juu ya watu wanaoahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli wa mitandaoni. Wengi hupitishwa Mae Sot, mji wa mpakani ulio magharibi, mbali kabisa na Bangkok waliyoahidiwa. Sisemi wakala wako ni mmoja wa hao. Nasema kwamba wakala ambaye jina lake halimo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, anayekupa viza ya utalii na jina la shule lisilo na anwani, hajakupa chochote cha kumtofautisha nao.

Kuna jambo jingine ambalo wakala hatakwambia. Wewe na mimi tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, tukavishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kikamba na Kikuyu uwanjani, na bado huko nje pasipoti yetu haituhesabu kuwa wenye lugha hiyo. Ukitaka kufundisha Korea Kusini, kwa mfano, viza yao ya walimu wa Kiingereza huwaendea raia wa nchi 7 tu, na katika Afrika nzima ni Afrika Kusini peke yake iliyomo. Mimi nilitakiwa kufanya mtihani wa TOEIC nithibitishe kwamba najua Kiingereza. Nikapata alama 960 kati ya 990. Mwenzangu mmoja, fundi wa mabomba kutoka Uingereza ambaye hakuwa amewahi kushika chaki, hakuulizwa mtihani wowote, akalipwa zaidi yangu, na picha yake ndiyo iliyobandikwa mlangoni. Alikuwa mtu mwema, na ndiye aliyekuwa akiniuliza sarufi.

Darasani, Mwende, hapo sina malalamiko. Watoto wa Jumamosi walikuwa wa miaka minane na tisa, wakiingia wanakutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, kisha wanapiga kelele "Tichaa!" utadhani uko Kayole. Tatizo lao lilikuwa lile lile langu. Kithai hakiachi l wala r mwishoni mwa neno, huzigeuza n, kwa hiyo "apple" ilikuwa "apen" na "school" ikawa "sakun"; na mwanzoni mwa neno r huteleza ikawa l, hivyo mtoto akikwambia amekula "rice", wewe unasikia "lice", yaani amekula chawa. Nami ni Mkikuyu niliyechekwa na shule nzima siku niliyosimama gwarideni na kutangaza kwamba wazazi wetu wameenda kupiga kula! Mwalimu wangu wa darasa la sita alinipa kipande cha kioo, akaniambia nitazame ulimi unakwenda wapi. Nikanunua vioo ishirini vidogo sokoni, nikawafundisha hivyo hivyo: ulimi wa l unagota nyuma ya meno ya juu, ule wa r ya Kiingereza unajikunja na haugusi popote. Msichana mmoja mwenye pengo la meno mawili alihangaika Jumamosi tatu, na siku aliyoipata aliirudia mpaka kioo kikajaa mvuke. Kisha akanigeuzia kioo mimi, akanitaka niseme "maa" ya Kithai, ambayo huwa njoo, farasi au mbwa kwa kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Nilidhani namwita aje. Darasa lilivyoangua kicheko, nikajua nimeita mbwa.

Malipo nitayataja kwa ufupi. Ulipwaji ni wa saa za darasani tu. Kuandaa somo na kungojea wanafunzi ni sadaka. Mwishoni mwa wiki utafundisha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa ndipo watoto wako huru, na siku za kazi ni jioni, pamoja na watu wazima waliotoka ofisini wakiwa wanasinzia. Kifungu chako cha saba kinasema shule itakutunzia pasipoti. Kikatae. Pasipoti yangu ilitunzwa hivyo hivyo, na nilipotaka kuja kumzika baba yangu niliisubiri siku nne.

Kwa hiyo usitie sahihi bado. Mwandikie wakala umwombe anwani ya shule, namba ya usajili wake na barua ya kupeleka ubalozini, halafu utazame atajibu nini na baada ya siku ngapi. Jumamosi ijayo nipo nyumbani kutwa. Shuka Nairobi na mkataba wenyewe, si picha ya simu, kwa sababu ukurasa wa tatu umekatika pale penye adhabu ya kuacha kazi mapema, na hapo ndipo ninapotaka kusoma zaidi.

Wasalimie mama na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Wanjiru